Msasa namba ngapi kwa meza ya mninga?

SWALI: Shikamoo fundi, nimeranda meza ya mninga nikapiga msasa namba 60 halafu nikarukia 220 ili nimalize haraka, kupaka vanishi tu mikwaruzo yote ikatokea, nimekosea wapi? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeruka ngazi hapo. Namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa, sasa ile mifereji ya 60 huifuti na 220, utasugua mpaka mkono ufe ganzi na bado ipo. Toa hiyo vanishi, anza na 80, kisha 120, 180, malizia 220, na kila ukibadili futa vumbi vizuri maana punje moja tu ya 80 ikibaki inachora mstari mpya. Piga kufuata nyuzi za mbao, msasa uuzungushie kwenye kipande cha mbao, vidole vinaacha mabonde. Kwenye kona za mviringo, msasa wa karatasi unachanika haraka, chukua wa kitambaa. Ule mweusi wa maji namba 400 ni wa kati ya koti na koti, yaani mpako mmoja wa vanishi na unaofuata, vanishi ikishakauka kabisa, mkono mwepesi mpaka uone unga mweupe.