Futa hilo grupu la WhatsApp usiku huu huu

Mdogo wangu salamu baadaye. Umeandika umepata kazi ya udadisi, yaani kuhoji watu, kwenye utafiti wa WAVIU (sisi tunaoishi na VVU) wa kata yenu, unauliza posho ya siku huwa shilingi ngapi, fomu ya ridhaa unamsomea mtu yote au unamfupishia, na kama kuna ubaya kumhoji mtu mnayekutana CTC moja, kliniki mnakochukulia dawa. Halafu katikati hapo ukapitisha kama kitu kidogo tu, eti "nimeshafungua grupu la whatsapp nimeingiza washiriki 11, kesho namalizia wengine ili nipange ratiba kirahisi". Hapo ndo nimeweka kikombe chini. FUTA.

Na usikurupuke kutoka wewe kwanza kama nilivyofanya mimi. Ukitoka wewe admin peke yako grupu linabaki, WhatsApp inamchagua mtu mwingine yeyote humo inampa uadmin. Toa mmoja mmoja mpaka ubaki peke yako, ndo utoke. Mimi nilitoka kwa presha, uadmin ukamuangukia mzee mmoja wa watu ambaye hata kufungua voisi noti alikuwa anasaidiwa na mjukuu. Umeelewa hapo? Anasaidiwa na MJUKUU.

Ngoja nieleze. Mimi naishi na VVU, nilianza dawa enzi zile za kusubiri CD4, kile kipimo cha kinga ya mwili, ishuke chini ya 200 ndo upewe, nikameza Triomune, ile dawa ya zamani, mpaka mashavu yakabonyea. Nimekuwa mwelimishaji rika, nimekuwa mhudumu wa majumbani, so nilipoitwa udadisi nilijiona nimeiva. Ilikuwa Makambako, utafiti wa unyanyapaa, ule mtindo ambao anayeuliza maswali naye anaishi na VVU kama zile tafiti za unyanyapaa za Stigma Index zilizoanza 2008. Kwa mtindo wenyewe sina neno, mtu akijua na wewe unameza anakufungukia vitu ambavyo daktari hatavisikia mpaka kiama.

Nilikuwa na washiriki 37. Mratibu wetu, kijana mmoja wa begi mgongoni na kishikwambi, semina yake siku mbili na yote slaidi, nikamuuliza hawa watu wote nawapangaje? Akanijibu hata macho hajainua, "fungua grupu bro, utaokoa vocha". Vocha! Watu 37 tuliwaweka uchi kwa vocha ya elfu tano.

Nikafungua saa mbili usiku. Jina nikaandika kwa herufi kubwa WASHIRIKI UTAFITI VVU MAKAMBAKO, na picha ya utepe mwekundu nikaweka, nilibakiza kukodi bajaji na spika tu. Dakika ya kwanza mtu katoka. Wa pili katoka. Ikaja voisi noti ya mama mmoja anaongea kwa kunong'ona, "nani kaniweka humu jamani, nani kaniweka?" Mwingine akaandika "kumbe na fulani yumo" na emoji ya kucheka. Maana namba si namba tu bana, hapa kwetu ukiwa na namba ya mtu unajifanya unamtumia elfu moja, majina yake aliyosajilia laini haya hapa, unasoma unakata muamala. Kesho yake sokoni watu walikuwa wanajua mpaka jina la babu yako.

Lakini hilo bado lilikuwa dogo. Kulikuwa na dada mmoja muuza chipsi stendi, miaka mitatu mfululizo kipimo chake virusi havionekani, mtu wa kumeza kwa saa, tunamtolea mfano kwenye kikundi. Namba aliyoniandikia ilikuwa ya simu ya nyumbani, ile inayozunguka mkono kwa mkono. Usiku ule alikuwa nayo mdogo wa mumewe anacheza gemu. Ujumbe ukashuka juu ya skrini na jina la grupu lote, dogo akausoma kwa sauti mbele ya mama yake. Yaani utafiti wa unyanyapaa ndo umepeleka unyanyapaa nyumbani kwa mtu, mezani, watu wanakula.

Siku ya tatu dada akapanda treni ya TAZARA akaenda kwa kaka yake Mlimba na mtoto mgongoni. Kopo la dawa aliliacha juu ya kabati kwa sababu alitoka alfajiri kwa kunyata. Akakaa miezi minne bila kumeza, kituo cha kule aliogopa kujiandikisha maana hakutaka jina lake liingie kwenye daftari lingine lolote. Mimi mhudumu wa majumbani ninayelipwa kufuatilia watoro wa dawa, mtoro namtengeneza mwenyewe. Aliporudi virusi vimepanda, ikabidi aanze upya vikao vya ushauri kama mtu wa jana. Stendi akipita ananisalimia "shikamoo" kwa heshima zote, na hiyo shikamoo inaniuma kuliko angenitukana.

Yule mratibu? Kwenye kikao alisema "hiyo haikuwa kwenye protokali". Akafunga laptopu akaenda kula. Sheria ya UKIMWI ya 2008 iko wazi kabisa kuhusu kutunza siri ya hali ya mtu, ila meseji ya grupu imetoka kwenye simu yangu, sio yake. Na yako itatoka kwenye simu yako.

Usiniambie watu wamezoea siku hizi. Mkoa wetu huu wa Njombe ndo tunaongoza nchi nzima kwa VVU, utafiti wa 2022-23 ulikuta 12.7% ya watu wazima wanavyo, kila ukoo una mtu, na bado watu wanaficha kopo kwenye gunia la mahindi. Zamani mashavu ndo yalitutoa siri, leo unameza kidonge kimoja cha TLD, dawa ya siku hizi, na unanenepa, hakuna wa kukujua kwa macho. Imebaki simu.

Kwa hiyo namba ya mshiriki isikutane na namba ya mshiriki mwingine, popote, hata kwenye karatasi ya kusainia nauli, kila mtu karatasi yake na ID ya utafiti bila jina. Mimi sasa nina kitochi na laini yake. Napiga, neno la kwanza ni "unaweza kuongea sasa hivi?" na kama kuna kelele za watu nakata. Siku ya kwanza tunapatana jina la uongo, kuna mmoja ananijua kama fundi cherehani mwaka wa pili huu, juzi mumewe kaniletea suruali nipunguze. Nimepunguza!

Fulana ya mradi iache ofisini. Fomu ya ridhaa soma yote, na ile namba ya kamati ya maadili kule chini mwonyeshe kwa kidole, ningekuwa nayo mimi ningeipiga. Posho nilitaka kukuandikia nimesahau nilianzia wapi, nitarudi kesho.

Wale 11 umeshawatoa?