Maswali ya gereji: bolti zilizobaki, silikoni na tapeti za kimya

Maswali mengi safari hii yana ugonjwa mmoja: pikipiki ilikuwa na kasoro ndogo, ikafunguliwa, ikafungwa, ikarudi na kasoro mbili. Haya hapa saba.

Fundi, Kahama: Nilifungua kava la klachi la Boxer kubadilisha pleti. Nimeshaweka gasketi mpya mara mbili, na silikoni juu yake, bado oili inavuja upande wa chini. Au gasketi za siku hizi ni feki?

Feki zipo, lakini kwanza niambie bolti ulizifungua ukaziweka wapi. Kama zote ziliingia kwenye kopo moja, jibu unalo. Bolti za kava hazilingani urefu. Ndefu ukiiweka kwenye tundu fupi inagota chini kabla kichwa hakijabana kava. Mkononi unahisi imekaza, kumbe kava lina upenyo. Ukizidi kuivuta unapasua krenkesi, yaani gamba la injini. Fupi kwenye tundu refu inashika nyuzi tatu nne za aluminiamu, na hizo ndizo utakazong'oa.

Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila bolti inayotoka ichomeke hapo hapo kwenye tundu lake. Kama zimeshachanganyika, zidumbukize zote bila kuzifunga: vichwa vyote vinapaswa kusimama juu ya kava kwa urefu unaolingana. Kinachozidi au kupungua kiko nyumba ya jirani.

Kisha kagua uso wa kava. Gasketi kuukuu haikwanguliwi kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja unaokatiza ule uso ni mfereji wa oili. Ilowanishe ilainike, uitoe kwa plastiki ngumu au wembe uliolazwa. Hakikisha zile bushi mbili ndogo zinazoelekeza kava zipo. Kaza kwa msalaba, raundi mbili. Bolti ya M6 (unene wa milimita 6) inataka nguvu ya kukaza ya Nm (nyutoni-mita) 10 hivi, si zaidi ya 12. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Tumia spana fupi, ishike karibu na kichwa cha bolti, ukaze kwa vidole na si kwa bega. Ila gereji inayofungua injini bila spana ya toki inabahatisha, hata kama fundi wake ana miaka ishirini kazini.

Na silikoni acha. Penye gasketi nzima kwenye uso safi haina kazi. Ile inayochungulia nje unaifuta ukaona kazi nzuri; nyingine kama hiyo imechungulia ndani, itakatika, itasafiri na oili hadi kwenye chujio la waya na kuziba. Mwezi ujao mtaniuliza kwa nini kamshafti imelika kwa kukosa oili.

Bodaboda, Morogoro: Naweza kuweka oili ya gari?

Limejibiwa mara nyingi. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, hivyo klachi inateleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Halijaandikwa, lirudishe dukani.

Mmiliki wa pikipiki mbili, Mbeya: Tapeti zilikuwa zinagonga, fundi akazirekebisha mpaka zikanyamaza kabisa. Sasa asubuhi napiga kiki mpaka natoka jasho, na mlimani haina nguvu.

Tapeti ni skrubu za kuweka nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu, na fundi wako amezikaza kupita kiasi. Watu wanalipia ukimya, na ukimya huo ndio unaoua valvu. Tapeti yenye nafasi kubwa inapiga kelele na kula vipuri polepole. Isiyo na nafasi inaizuia valvu kufunga kabisa: kompresheni inavuja, ndiyo maana haiwaki, na valvu ya ekzosi inakosa kukaa kwenye kiti chake ambako ndiko inakopoozea joto. Inaungua mdomo. Ukiendelea hivyo hutalipia tena tapeti, utalipia valvu na kusaga kiti.

Kipimo hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku, si imepumzika wakati mnakunywa chai. Toa plagi ili krenki izunguke kwa wepesi. Zungusha mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la krenki, ilingane na alama ya kava. Hapo shika roka zote mbili: zote ziwe na mchezo mdogo. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha krenki mara moja kamili, T irudi, ndipo upime. Mafundi wengi huruka hatua hii. Injini hizi ndogo nyingi hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, na ekzosi mara nyingi ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi; namba kamili iko kwenye kitabu cha modeli yako. Fila, yaani bapa jembamba la kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukifunga nati ya kulokia pima upya, kwa sababu skrubu huzunguka nayo. Kipande cha blade ya msumeno au karatasi ya sigara si fila.

Fundi mwanafunzi, Voi: Tumeweka ringi mpya, moshi uko pale pale.

Silinda mliipima? Ringi mpya kwenye silinda iliyolika umbo la yai haisaidii chochote. Sukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila, juu na chini ya silinda. Ukizidi milimita 0.5, silinda ichongwe na pistoni ipande saizi, 0.25 au 0.50. Kama silinda ni nzima, angalia kufunga kwenu: maandishi ya ringi hutazama juu, na myanya hupishana kwa digrii 120, isipangane mstari mmoja. Klipu za pini ya pistoni ni mpya kila mara, na mdomo wa krenkesi unazibwa kwa kitambaa kabla hamjazigusa. Klipu ikidondoka mle ndani, mnafungua injini nzima. Lakini kama moshi unatoka asubuhi tu kisha unakata, mmefungua silinda bure. Hizo ni sili za valvu.

Fundi, Tabora: Nimemaliza kufunga, zimebaki bolti mbili na washa, lakini inawaka vizuri. Nimpe mteja?

Usimpe. Kama ulitoa tairi la nyuma, anza kuangalia fimbo inayoshikilia sahani ya breki, bolti yake na kota pini. Isipofungwa, sahani inazunguka na habu dereva akikanyaga breki, tairi linaweza kujifunga ghafla, na nyuma kuna abiria.

Bodaboda, Geita: Kizibo cha kumwagia oili kimekufa nyuzi. Nimeambiwa nizungushie teipu ya bomba.

Hiyo ni ya bomba la maji. Peleka kwa mtu wa mashine aweke nyuzi za kupandikiza. Zimekufa kwa sababu washa ile bapa haijawahi kubadilishwa, kila mtu akaongeza nguvu kuzuia mvujo.

Mmiliki, Kigoma: Dereva anadai cheni mpya haidumu.

Mlibadilisha cheni peke yake mkaacha sproketi zenye meno ya papa, sivyo? Vitatu hubadilishwa pamoja. Kisha mchezo wa cheni, chini katikati, uwe milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi. Ipime pia mtu akiwa amekaa juu, kwani cheni hubana zaidi mzigo ukipanda. Ikikazwa kama waya inakula beringi za nyuma na ya sproketi ndogo. Klipu ya kiungo, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokimbilia. Ikigeuzwa, jiwe moja tu linatosha kuing'oa.