Je, sista asiye na chake atawasaidiaje maskini?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anataka kuingia utawani ili awahudumie maskini. Kaka zake wanapinga. Wanasema asomee uuguzi, alipwe mshahara, na kwa mshahara huo atawasaidia wengi kuliko sista aliyeweka nadhiri ya ufukara. Niwajibu nini?

Jibu: Milele amina, mama. Usiwajibu wanao kwa kuwanyamazisha, kwa maana wamegusa jambo la kweli: muuguzi mlei anayefanya kazi yake kwa haki na huruma anamtumikia Kristo, wala shela peke yake haimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba msaada kwa maskini hupimwa kwa fedha inayotolewa.

Wasimulie habari za Mwenyeheri Irene Stefani, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, na mwanzoni mwa 1915 akafika Kenya, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kuanza. Alipelekwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, ili wabebe mizigo ya jeshi la Waingereza, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwaosha vidonda, akawalisha waliokosa nguvu, akawafundisha imani waliotaka kuijua. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa aliambiwa kuwa mgonjwa mmoja aliyekuwa akingojea ubatizo amekufa na kupelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Akaenda, akamtafuta kati ya miili ile, akamkuta bado anapumua.

Baada ya vita alikaa miaka kumi katika misioni ya Gikondi, huko Nyeri, akifundisha na kupanda vilima kwenda kuwaona wagonjwa, na kuwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mjini. Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu aliyepatwa na tauni, naye akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Fedha yake ilikuwa wapi katika hayo yote? Mtume Petro alimwambia kiwete pale hekaluni: «Mimi sina fedha, wala dhahabu, lakini nilicho nacho ndicho nikupacho» (Mdo 3:6). Nadhiri ya ufukara humweka sista katika hali hiyo kwa makusudi, ili asiwe na mali ya kuilinda wala kazi ya kuogopa kuipoteza, na aweze kutumwa hata mahali ambapo hakuna anayeweza kumlipa. Hata hivyo binti yako asiingie utawani kwa ajili ya maskini tu, kwa sababu siku watakapomchosha, au watakapokosa shukrani, atakuwa hana sababu ya kubaki. Huingia kwanza kwa ajili ya Kristo, ambaye «alikuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri» (2 Kor 8:9).

Pengine chini ya maneno ya kaka zake kuna hofu nyingine, yaani nani atakayekutunza uzeeni, na hofu hiyo ni halali. Kwa sheria ya Kanisa, mapato ya kazi ya mtawa ni ya shirika lake, hivyo msiutegemee mshahara wake. Nendeni pamoja kwa sista mlezi wa miito mkamuulize waziwazi shirika hufanyaje mzazi wa sista anapougua au kuzeeka, kwa maana taratibu hutofautiana. Jueni pia kwamba hatafungwa kwa haraka: unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, haupungui miezi kumi na miwili, kisha nadhiri za muda huchukua angalau miaka mitatu kabla ya zile za daima. Na kama katika kipindi hicho shirika litamsomesha uuguzi, kama mashirika mengi yafanyavyo, kaka zake watamwona akiifanya kazi ileile waliyomtakia.