Barua kwa mwanangu: Litoe jiko mbele

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako umenikuta nasuuza mchele wa kesho, nikaacha nikaja kuusomea barazani. Unasema fremu uliyokodi Ipagala, huko Dodoma, ina miezi miwili sasa, vitumbua vinabaki, mkate wa kumimina unaishia kuwagawia majirani, na mfukoni umebakiwa na laki moja na nusu. Kijana mmoja anataka laki nane akuchoree bango na kukuzungushia gari la spika siku tatu. Na kwenye semina umefundishwa kitu wanachokiita masoko ya msituni, jina lililotoka Marekani miaka ya 1980: mwenye fedha kidogo ajitangaze kwa akili, kama wapiganaji wa msituni wanavyolikabili jeshi kubwa. Unaniuliza ukope ulipie bango, au hayo ya msituni yana ukweli.

Usikope. Na hayo ya msituni yana ukweli, ila sisi tuliyafanya bila kuyapa jina.

Nianze na lililonigusa zaidi. Umeandika kwamba unapikia uani, ukimaliza unaleta beseni mbele umelifunika kitambaa. Kwa hiyo mpita njia wa Ipagala anaona nini? Beseni na kitambaa. Hata mimi mama yako ningepita.

Mwaka 1996, wewe ukiwa bado mgongoni, nilikuwa nakaanga uani kwetu Ngamiani na kuuzia dirishani. Siku nzuri nilimaliza nusu. Bibi yako alipokuja kutoka Pangani alikaa siku mbili akinitazama tu, ya tatu akabeba jiko la mkaa kwa mikono yake akaliweka barazani, ukingoni mwa barabara. Nikakaangia pale alfajiri. Nakumbuka mpaka leo: rojo linagusa mafuta linalia, pembeni panaanza kushika wekundu, nakigeuza kwa kijiti, iliki inapanda na moshi. Akaja kijana na baiskeli, yule wa bandarini, akasimama mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli. Hakuuliza bei. Alisema, "Nipe hicho hicho unachokitoa." Nyuma yake wakasimama wawili. Saa mbili kikaango kilikuwa kitupu, na sijalipa mtu hata senti.

Kwa hiyo, baba, litoe jiko mbele. Muulize kwanza mwenye fremu, na bwana afya wa kata, wasije wakakusumbua. Weka kioo au wavu wa kuzuia vumbi, maana Dodoma kuna upepo kuliko huku. Lakini watu waone mikono yako na wasikie harufu. Ipagala imejaa watumishi waliohamia tangu Serikali ilipoanza kwenda huko mwaka 2016, na wengi wao wametoka Dar, Tanga, Pwani. Kuna mtu pale hajanusa kitumbua chenye nazi ya kweli tangu afike. Huyo humtafuti kwa spika. Harufu itamfuata mpaka kwake.

La pili ni watoto. Mama akitaka kitafunwa cha asubuhi hatoki mwenyewe, anamtuma mtoto. Anasema "kalete vitumbua vya elfu moja", mara nyingi hasemi kwa nani. Duka anachagua mtoto! Mimi nilikuwa na sahani ndogo pembeni ya vile vilivyovunjika au vilivyotoka vidogo. Kila mtoto aliyetumwa nilimpa kimoja mkononi, mbali na vile vya kwenye mfuko, nikamwuliza jina na anasoma darasa la ngapi. Wiki ijayo mtoto yule anavuka maduka matatu kuja kwangu. Watu wazima nao wape nyongeza, lakini iwe nyongeza kweli, uweke juu ya hesabu mbele ya macho yao. Ukipunguza ukubwa wa kitumbua ili upate cha kutoa nyongeza, watajua siku ile ile.

Unamkumbuka mzee wa kahawa aliyepita kwetu kila jioni? Hakuita hata mara moja. Alikuwa anagonga vikombe tu, kling, kling, na dele lake mkononi, na baba yako alikuwa ameshatoa kiti. Alifanya hivyo kwa saa ile ile kila siku, mvua au jua. Nimefikiri sana juu ya yule mzee. Saa yake ilikuwa tangazo lake. Wewe umeandika kwamba siku nyingine unafungua saa kumi na mbili, siku nyingine saa mbili kwa sababu jana hakukuuzika. Mteja aliyekukosa mara mbili amepata mwingine. Chagua saa, uishike hata kama unauza vitumbua kumi.

Sasa vifungashio. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mfuko wa karatasi utanunua utake usitake. Basi ufanye ukusemee. Chonga muhuri wa mpira wenye jina la duka, mahali ulipo na namba ya simu, gonga kila mfuko usiku ukiwa umekaa. Mfuko ukifika mezani ofisini, watu sita wanasoma. Wenye kanga walilijua hili zamani: Kaderdina wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, huandika "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zao, na kila mwanamke anayejifunga anatembea na alama ya duka mjini. Ila usifungie vitumbua kwenye gazeti. Wino unaingia kwenye mafuta.

Na ofisini ndiko kwenye chai ya saa nne. Usiende kwa mkubwa. Mtafute dada anayepika chai, yeye ndiye anayeulizwa "leo kuna nini?" Mpelekee sahani moja aonje na wenzake, mwachie namba, uondoke. Usimbane. Fanya hivyo kwa ofisi moja kwa wiki, si zote siku moja, maana wakikubali utatakiwa uwatosheleze. Kijiwe cha bodaboda kilicho karibu nawe kipelekee chai na vitumbua Jumatatu mbili tatu za kwanza. Vijana wale wanaulizwa njia na wageni kutwa nzima, na wakishakula kwako hawatasema "sijui".

Nimesema uwatosheleze kwa sababu jambo hili liliniuma. Mwaka 2004, nilipofungua kile kibanda cha chai unachokikumbuka, nililipia gari la spika likapita mitaa yote ya Ngamiani siku ya kufungua. Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko nilivyopika, saa moja na nusu asubuhi nikawa sina kitu, na mama mmoja aliyetembea kutoka Chumbageni na mjukuu wake nikamrudisha mikono mitupu. Sikumwona tena. Fedha yangu niliitumia kuwaita watu waje washuhudie kwamba sina. Ndiyo maana nakwambia ukubwa wa tangazo uendane na ukubwa wa kikaango chako.

Yako mambo ya msituni ambayo sitaki uyafanye, hata kama wa semina ameyasifu. Usiwalipe vijana wasimame foleni ya uongo. Usibandike makaratasi kwenye nguzo za umeme na kuta za watu, utachafua mji na utapigwa faini. Usijisifie kwa jina la kubuni mtandaoni. Na msibani, mwanangu, ukienda peleka vitumbua kwenye sinia, bila muhuri, bila namba, bila kumwambia mtu vimetoka wapi. Atakayetaka kujua atauliza siku nyingine. Kwenye vikao vya harusi na vikoba ni tofauti, huko jitangaze kwa uso mkunjufu, na mwezi wa Ramadhani andika mapema bei ya sinia la futari ubandike mlangoni.

Simu unaijua kuliko mimi. Dada yako ameniambia kuliweka duka kwenye ramani ya Google ni bure, basi liweke, na picha ya kwanza iwe ya kikaango kikiwa na moshi, si picha yako umevaa suti. Status ya WhatsApp weka moja alfajiri, inatosha. Usimwage matangazo kwenye makundi ya watu.

Ile laki moja na nusu igawe hivi: elfu ishirini na tano muhuri, wino na mifuko ya kuanzia, ikibaki chenji irudi kwenye mchele. Elfu tano daftari na kalamu. Iliyobaki yote iwe mchele, nazi, sukari na mafuta ya vile utakavyowaonjesha watu kwa wiki nne. Kwenye daftari, kila mgeni akija muulize kwa upole nani amemwelekeza, upige mstari: harufu, mtoto, bodaboda, mfuko, ofisi, simu. Mwisho wa mwezi utaona mstari upi mrefu, huko ndiko uongeze. Ukipata mistari hiyo nipigie picha unitumie, nataka kuiona kwa macho yangu.

Nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri kifurushi chako. Ndani kuna iliki ya Amani, nazi kavu kumi, na kile kikaango changu cha matundu saba, maana chako cha bati kinashika rojo. Kipokee stendi ya Nanenane jioni, na ukipake mafuta kabla ya kukitumia, kimekaa muda.

Mama yako