Lisbon kwa miguu: maswali ya wasomaji

Foleni ya tramu namba 28 inaanzia wapi? (Dar es Salaam)

Martim Moniz. Ila usiipange. Utasimama juani mpaka uchoke, upande behewa lililojaa pomoni, na wezi wa mifukoni ndiyo kazi yao humo. Chukua teksi hadi Miradouro da Senhora do Monte, utazame mji wote na mto Tejo, kisha uteremke kwa miguu: Graça, Portas do Sol, halafu ngazi na vichochoro vya mtaa wa kale wa Alfama mpaka Largo do Chafariz de Dentro. Anza saa mbili asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika. Alfama ilinusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la Novemba 1, 1755, ndiyo maana vichochoro vyake bado vinajipinda kama enzi za utawala wa Waislamu, uliokoma hapo mwaka 1147. Baixa, mtaa wa bondeni katikati ya mji, iliporomoka, na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akasimamia ujenzi mpya wa mitaa iliyonyooka. Pita kote kuwili siku hiyo hiyo.

Nivae viatu gani?

Vya soli ya mpira inayoshika. Yale mawe ya chokaa yaliyotandazwa njiani huteleza hata pakiwa pakavu.

Mgahawani waliniwekea mkate na zeituni nisivyoagiza, kisha wakanilipisha. Si wizi huo? (Nairobi)

Nimelijibu swali hili mara nyingi. Ule ni couvert: ukila unalipa, usipogusa hulipi. Ulikula.

Mimi Muislamu. Nitakula nini? (Tanga)

Utakula vizuri, mradi uulize. Samaki ndiyo fahari yao: sardini wa kuchoma, hasa Juni wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na pweza wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na viazi. Bacalhau ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini, hukaushwa kwa chumvi kama ng'onda wetu na kulowekwa kabla ya kupikwa. Anza na à Brás, anayechambuliwa na kuchanganywa na mayai na viazi vyembamba.

Sasa tahadhari. Supu ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Alheira ilihusishwa na Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, wakatengeneza soseji ya kuku na mkate ili wasigundulike. Za leo nyingi zina nguruwe, kwa hiyo usitegemee historia. Kombe (amêijoas) mara nyingi hupikwa kwa divai. Hata unga wa keki ndogo huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe: uliza "Tem banha?", yaani "Ina mafuta ya nguruwe?" Nyama halali utaipata Rua do Benformoso, jirani na Martim Moniz.

Na nyote, Waislamu na wasio Waislamu: kuleni mchana, kwenye tasca ndogo, yaani mkahawa wa kienyeji, chakula cha siku. Penye menyu ya picha na mtu mlangoni anayekuita, piteni.

Belém inafaa kwa watoto? (Mombasa)

Inafaa sana, lakini msiishie kwenye pastéis, vile vikeki vya mayai na maziwa, ingawa duka lao lipo tangu 1837. Ingieni kanisa la monasteri ya Jerónimos, lilipo kaburi la Vasco da Gama. Monasteri hiyo ilijengwa kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mwongozo atawasimulia ushujaa wa mabaharia. Nyinyi wasimulieni wanenu kwamba mwaka 1498 da Gama alivushwa kwenda India na rubani aliyepatikana Malindi, na kwamba mwaka 1505 meli za kamanda Mreno Francisco de Almeida ziliipora Kilwa, kisha zikaichoma Mombasa. Mtoto wa Mombasa asitoke pale bila kulijua hilo. Nendeni kwa tramu ya 15, ni mbali kwa miguu.

Nipange nyumba Alfama nikae wiki? (Kampala)

Usipange. Nyumba za watalii zimewafukuza wenyeji wengi, hasa wazee, na bila wao utakuwa unatembelea kuta tu. Lala Arroios; metro ipo, na migahawa ni ya watu wanaoishi pale.