Re: Nikodi fremu Mtwara mjini au nishonee nyumbani?

Mkuu, milioni mbili zako za mtaji zitatosha kukodi fremu (chumba cha duka) tu. Vitambaa na uzi utanunua na nini? Wenye fremu wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Halafu kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo wewe mpangaji ndiye unayetakiwa kuikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Dalali hakwambii hilo!

Anzia barazani kwako hapo Chikongola. Na usipimie biashara Oktoba hadi Desemba, pesa ya korosho ikiingia kila mtu anashona. Angalia Machi, pesa hiyo ikiwa imeisha. Ukihitaji mtaji zaidi, mkopo wa halmashauri hauna riba, ila unapitia kikundi. Fremu ikikaa tupu masika, mwenye fremu anaweza kukubali kodi ya miezi mitatu mitatu.