Muulize Mfamasia: Kidonge Kimoja, Majina Mawili

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Pangani, naishi na mama yangu mzazi, ana miaka 67 na ana presha kwa miaka tisa sasa. Kaka yetu alikuja likizo kutoka Maskati akamletea dawa za boksi, Norvasc miligramu 5, akasema za huku hazina nguvu. Mama anameza hizo asubuhi. Usiku anameza za kliniki, amlodipini miligramu 10, kwa sababu hataki kumuudhi mwanawe wala daktari. Tangu hapo miguu imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Duka la dawa la mtaani wakatupa Lasix ya kutoa maji. Miguu haijapungua, ila sasa mashavu ya miguu yanambana usiku hadi analia. Magoti nayo yanamsumbua, kwa hiyo anameza diklofenaki. Je, hizi ni figo? Tuongeze Lasix?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiongeze Lasix.

Chukua yale maboksi mawili ya presha uyaweke penye mwanga. Kwenye boksi la Norvasc, chini ya jina kubwa, kuna maandishi madogo: amlodipine. Sasa soma boksi la kliniki. Ni neno lilelile. Mama anameza dawa moja mara mbili, asubuhi kwa jina la biashara na usiku kwa jina lake halisi. Tano na kumi ni kumi na tano, na kiwango cha juu cha amlodipini kwa mtu mzima, kwa siku nzima, ni miligramu 10.

Pembeni ya jina hilo unaweza kukuta neno besylate. Lisikuchanganye, ni chumvi ambayo dawa imeunganishwa nayo ili itulie ndani ya kidonge. Vingine vyote vilivyomo ni ujazo: selulosi, fosfeti ya kalsiamu, aina ya wanga inayofanya kidonge kivunjike upesi tumboni, na magnesiamu stearati ili kisigande kwenye mashine kinapotengenezwa. Hivyo havishushi presha ya mtu. Miligramu 5 za dawa yenyewe ni kidogo mno, bila ujazo usingeweza hata kuzishika kwa vidole. Kila kiwanda huchagua ujazo wake na rangi yake, ndiyo maana vidonge viwili vya dawa moja vinaweza kutofanana kabisa. Kaka yako alinunua kwa jasho lake na kwa mapenzi, simlaumu hata kidogo. Lakini aelewe kwamba dawa ya kliniki iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, imepitiwa ubora wake kabla ya kuruhusiwa sokoni, na kiambato kinachofanya kazi ni kilekile alichokilipia kule.

Sasa miguu. Amlodipini hushusha presha kwa kulegeza mishipa midogo inayopeleka damu. Ikilegea kupita kiasi, maji hupenya kutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama, kisha yanatafuta pa kushukia, nako ni miguuni. Dozi ikipanda, uvimbe nao unapanda, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Maji ya namna hii hayakutokana na mwili kushindwa kukojoa, kwa hiyo Lasix imemkimbiza mama chooni bila kuyafikia. Ilichokipata ni potasiamu na chumvi nyingine ambazo misuli inazihitaji, zimetoka na mkojo. Hapo ndipo ninaposhuku yalipoanzia maumivu ya usiku. Umeona mambo yalivyofuatana? Dawa moja ilizidi ikaleta uvimbe, uvimbe ukaitiwa dawa ya pili, ya pili ikaleta kubanwa misuli, na ungechelewa kuniandikia wiki mbili zaidi, labda ungeniuliza kuhusu dawa nyingine tena.

Diklofenaki inazidisha. Dawa za jamii yake hupandisha presha, huzuia maji mwilini, na zikikutana na dawa ya kukojoa ndani ya mtu wa umri wa mama, figo ndizo zinazoumia. Umeuliza kama ni figo. Kwa ulivyonieleza sidhani kwamba tatizo lilianzia huko, lakini mkiendelea hivi linaweza kuishia huko, na ndiyo sababu nakuandikia kwa mkazo.

Leo mama ameze amlodipini moja tu, ile ya kliniki, kwa kipimo alichoandikiwa. Norvasc usiitupe wala usimpe jirani, itie kwenye mfuko. Diklofenaki aiache. Lasix ni dawa ya cheti, na kama daktari wake hajawahi kumwandikia kwa ajili ya moyo, nayo aiache hadi aonwe. Kwa magoti, parasetamo ya miligramu 500, tembe mbili kwa wakati mmoja, na zisizidi nane kwa saa 24, mkihesabu pia parasetamo iliyojificha ndani ya vidonge vya mafua. Mpelekeni kliniki ndani ya siku mbili hizi, apimwe presha, figo na potasiamu. Mfuko mzima wa dawa uende naye, na wa mitishamba kama upo. Amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo msitegemee miguu kurudi ilivyokuwa kesho asubuhi.

Akipumua kwa shida anapolala chali, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kuliko mwenzake, au akaanguka, au mkojo ukapungua sana, msisubiri kliniki. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimewahi kulifanya kwa mikono yangu. Mwaka 1996 nilikuwa mtoa dawa kijana, dirishani, foleni imefika nje ya mlango. Akaja mzee mmoja mvuvi na cheti cha furosemaidi. Nilihesabu vidonge, nikavitia kwenye bahasha ya karatasi, nikaandika 1x1, nikamwita anayefuata. Sikumuuliza nyumbani ana nini. Alikuwa na Lasix kutoka hospitali nyingine, na Lasix ndiyo furosemaidi. Yeye akaona ni dawa mbili, akameza moja mchana na moja usiku. Akawa anaamka mara nne, mara tano kwenda msalani, mwili umekauka, presha iko chini, na usiku mmoja kizunguzungu kilimwangusha uani akavunjika nyonga. Hakurudi tena baharini. Mkewe alipokuja kunionyesha zile bahasha mbili hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sisi tungejuaje?" Toka siku hiyo sijatoa dawa bila kuuliza, "Nyumbani kuna zipi?" Nanyi wasomaji, mtoa dawa asipowauliza, mwambieni kabla hajafunga bahasha.

Kwa wanaotunza wazazi wenye presha, nawaomba mjifunze pia miisho ya majina, maana dawa zina koo. Zinazoishia na -dipine ni ukoo mmoja, amlodipine na nifedipine ni ndugu. Zinazoishia na -pril, kama enalapril na captopril, ni ukoo wa pili. Za -sartan, kama losartan na telmisartan, ni wa tatu. Za -olol, kama atenolol, ni wa nne. Ukikuta ndugu wawili wa ukoo mmoja wametoka kwenye vyeti viwili tofauti, uliza siku hiyohiyo. Na -pril na -sartan, ingawa ni koo mbili, nazo usiziweke pamoja bila daktari kujua, kwa sababu zinafanya kazi katika njia moja na zikikutana zinaweza kuumiza figo na kupandisha potasiamu.

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Mimi ni mkulima wa Muheza, miaka 58. Miezi miwili iliyopita daktari alinianzishia simvastatini miligramu 40 kila usiku kwa sababu ya lehemu (kolesteroli). Rafiki yangu akaniambia balungi linakata mafuta. Nina mibalungi minne shambani, basi kila asubuhi nakunywa juisi yake bilauri nzima. Sasa mapaja na mabega yananiuma kama mtu aliyelima kutwa, na sijashika jembe. Kuna uhusiano?

JIBU: Wa alaykumu salaam, baba. Naona upo, tena wa karibu sana.

Kwanza nikuulize mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, funga gazeti uende hospitali sasa hivi, maana inaweza kuwa ishara kwamba misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Kama mkojo uko sawa, usimeze kidonge cha usiku wa leo, na kesho asubuhi uwe mbele ya daktari aliyekuandikia. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli imeumia. Juisi iache leo.

Ndani ya ukuta wa utumbo tuna kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuharibu sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Waliopanga dozi ya simvastatini walipiga hesabu wakijua kwamba sehemu kubwa itapotea njiani. Balungi lina kemikali zinazokiua kimeng'enya hicho. Dawa iliyotakiwa kupotea inaingia kwa wingi, na wewe uliyemeza kidonge kimoja unakuwa kama uliyemeza kadhaa. Tena usijidanganye kwamba juisi ni ya asubuhi na dawa ni ya usiku. Kimeng'enya kilichokufa hakifufuki, mwili unatengeneza kingine, na hilo huchukua siku nzima au zaidi. Bilauri moja kwa siku inatosha kukiweka chini wiki nzima.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1989 huko London ya Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wanapima felodipini, dawa ya presha ya ukoo uleule niliomweleza binti wa Pangani, ikinywewa pamoja na pombe. Juisi ya balungi waliiweka ili kuficha ladha ya pombe, basi. Kiasi cha dawa kwenye damu za watu kikapanda kuliko walivyotegemea, na walipofuatilia wakakuta aliyefanya hayo ni balungi. Nampenda huyu mtafiti kwa kutoyatupa majibu yaliyomshangaza.

Kwenu Muheza machungwa ndiyo maisha, kwa hiyo nisikutie hofu bure. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo. Wa kuwaepuka ni balungi, furungu, na danzi, hata danzi la kuchanganya kwenye achari likiwa jingi. Mibalungi usiikate, watoto na wajukuu wale. Ila mweleze daktari kwamba unayo, kwa sababu zipo dawa za lehemu ambazo balungi haliziharibii hesabu, rosuvastatini ikiwa mojawapo, na anaweza kuona afadhali kukubadilishia. Lehemu yako inahitaji tiba kweli, usije ukaiacha dawa moja kwa moja kwa sababu ya barua yangu.

SWALI: Dada mpendwa, salamu kutoka Likoni. Nimepewa omeprazoli ya kapsuli kwa vidonda vya tumbo. Nimesikia ganda la kapsuli linatokana na nguruwe, kwa hiyo nalifungua, nalitupa, na vile vipunje vya ndani navitafuna na maji. Wiki ya tatu sasa, kiungulia kiko palepale. Dawa ni feki?

JIBU: Salamu zimefika, dada. Sidhani kama ni feki. Umeitafuna, na hapo ndipo ilipoharibika.

Omeprazoli haivumilii asidi ya tumbo. Kila kimoja kati ya vile vipunje kimepakwa utando ili kipite tumboni salama na kifunguke kwenye utumbo, ndipo dawa iingie kwenye damu na kurudi kuizima asidi kwa njia ya damu. Ukitafuna umevunja utando, na asidi inaila dawa kabla haijafika popote.

Kuhusu ganda, wasiwasi wako ni wa haki na usione haya kuuliza dirishani. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au kwa nguruwe, na mara nyingi boksi linaandika jelatini bila kutaja mnyama. Hukumu yake muulize sheikh wako, mimi si mahali pangu. Kwa upande wa dawa, muulize mfamasia kama anayo yenye ganda la haipromelosi, ambalo hutokana na mimea, au mwombe daktari wako akuandikie pantoprazoli. Ni ya jamii hiyohiyo na huja kama kidonge, nacho hakitafunwi wala kusagwa, kwa sababu ileile. Wakati unasubiri, ukilifungua ganda, vipunje vimeze vizima kwa juisi ya tofaa, bila kuuma, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Vikikukwama kwenye jino, viteremshe na maji, usivisage.